Kipande Namba Saba Hakina Kabichi

Kila mtu katika bustani ile alikuwa na kabichi. Spès Nimbona alikuwa na majani.

Hayakuwa magugu. Magugu hujiotea, na haya aliyapanda mwenyewe katikati ya Aprili 2012, mvua za mwisho zilipokuwa zinaiaga Durban. Alipanda oti, ile nafaka wanayolishwa farasi. Akapanda figili ya mifugo, yenye mzizi unaoshuka chini kama msumari. Akapanda na vechi, mmea mwembamba wa jamii ya njegere unaojisokota kwenye chochote kilichosimama. Alizichanganya mbegu kwenye ndoo moja, akazimwaga kwa mkono, akazifukia kwa reki, akarudi zake Greyville kusuka nywele za watu. Kufika Juni, kipande chake, namba saba, kilikuwa kimefunga kijani mpaka magotini, na watu wakaanza kusimama pembeni yake kama wanavyosimama watu penye ajali.

"Mama Diane," walimwuliza, kwa jina la binti yake wa kwanza, "siku hizi unafuga ng'ombe?"

"Nafuga udongo," alijibu, akaendelea na kazi.

Bustani ilikuwa nyuma ya ukumbi wa kanisa moja huko Queensburgh, vipande kumi na viwili kwenye mteremko, na kanisa lilikuwa limewaachia wageni waliotaka mahali pa kulima: Wakongo wengi, Warundi wachache, na Mzanzibari mmoja, Ameir, aliyelima kipande namba nane na kuwagawia watu methali bila kuombwa. Mwenyekiti alikuwa Ladislas, aliyewahi kuwa mwalimu kule Uvira na ambaye sasa alikuwa na duka la simu mjini. Alivaa koti hata akiwa ameshika jembe. Watu walimwita Prezida, nusu kwa heshima na nusu kwa kumcheka, naye alizipokea nusu zote mbili.

Ladislas hakuwa mtu mbaya. Miaka miwili nyuma nusu ya vipande viliachwa vikawa vichaka, nyoka akaonekana, na kanisa likasema litachukua ardhi yake lifanye maegesho ya magari. Ladislas ndiye aliyekwenda kuomba, na ndiye aliyeandika sheria nane na kuzibandika kwenye mlango wa kibanda cha zana. Sheria ya tatu: mbolea ya viwandani ni marufuku, kwa sababu chini ya mteremko kuna kijito, na kanisa halitaki maneno na majirani. Sheria ya tano: kila kipande kiwe na mboga wakati wote, ukaguzi ni Jumamosi ya kwanza ya Agosti, na kipande kisicho na mboga siku hiyo atapewa anayefuata kwenye orodha ya wanaongoja.

Spès alizijua sheria zote nane. Alijua pia kitu ambacho sheria hazikukijua: udongo ulikuwa umechoka. Watu walikuwa wamepanda kabichi juu ya kabichi na spinachi juu ya spinachi kwa miaka minne bila kuuacha upumue. Wakati wa baridi, mvua ikishakatika, ardhi ilikauka mpaka jembe likalia juu yake kama limegonga bati. Oktoba mvua ikirudi, ile ngozi ya juu yenye uhai mdogo uliobaki iliteremka yote hadi kijitoni. Mwaka uliotangulia kabichi za Spès zilitoka ndogo kiasi kwamba Diane aliweka moja kiganjani akauliza, "Mama, hii ni ya kula au ni kifungo cha koti?" Spès alicheka. Baadaye, akiosha sufuria, hakucheka. Alikuwa na diploma ya kilimo kutoka chuo kimoja cha Burundi, miaka mitatu ya kuupima udongo kwa macho, pua na vidole, na hapa alikuwa anavuna vifungo.

Basi ndiyo akapanda majani.

Jumamosi moja ya Juni, saa tatu asubuhi, Ladislas alimjia na daftari. Nyuma yake alikuja katibu wa kamati, Marie-Jeanne, aliyesuka nywele katika saluni moja na Spès na aliyekuwa rafiki yake wa siku nyingi, ila asubuhi ile alikuwa anatazama viatu vyake.

"Mama Diane, umeamkaje?"

"Vizuri, papa Prezida. Nyumbani hawajambo?"

"Hawajambo. Mama Diane, sheria ya tatu unaijua?"

"Mbolea ya viwandani marufuku."

"Voilà." Akafungua daftari, akasoma kama yuko mbele ya darasa. "'Mkutano wa mwezi wa nne. Ploti namba saba: Mama Diane anasema anatia engrais vert mpaka mwezi wa nane.' Ulisema, hukusema?"

"Nilisema."

"Mbele ya watu."

"Mbele ya watu wote. Na wewe ukaitikia kwa kichwa."

"Niliitikia kwa sababu mkutano ulikuwa mrefu na nilikuwa na njaa." Watu wawili watatu waliokuwa wanamwagilia wakacheka, na Ladislas akasubiri wamalize. "Leo niko na macho. Tazama! Mboga ya kila mtu iko njano kwa baridi, yako iko nyeusi kwa kijani. Engrais, Mama Diane. Majani yako yenyewe yamekushtaki."

Spès alimgeukia Marie-Jeanne. "Wewe uliandika nini?"

"Ulichosema. Engrais vert."

"Ukaelewa nini?"

"Engrais." Marie-Jeanne alipandisha mabega. "Ya rangi ya kijani. Ile ya chengachenga, ile watu wenye nyumba kubwa wanamwaga kwenye nyasi zao."

"Mimi nilielewa chumvichumvi, ile mbolea ya dukani," alisema Ameir kutoka kipande cha jirani, akiwa ameegemea jembe. "Nikajisemea, kumbe Mama Diane ana pesa."

Hapo Spès akaona kilichotokea. Kule walikotoka, Kivu kwa Burundi, neno engrais, mbolea kwa Kifaransa, lilikuja limeshonewa ndani ya mfuko. Engrais ilikuwa ile ya kiwandani, iliyobebwa begani kutoka kwenye lori. Kilichotoka kwa ng'ombe kilikuwa na jina lake jingine na heshima yake nyingine. Kwa hiyo ukimwambia mtu wa huko engrais vert, ataona mfuko, halafu ataupaka rangi ya kijani. Ni yeye peke yake, aliyekaa darasani, aliyewahi kusikia maneno hayo mawili yakiunganishwa kumaanisha mmea unaopandwa ili ufukiwe. Alisema neno la darasani kwa watu wa shamba, akaenda zake ameridhika. Kosa lilikuwa lake pia, ingawa siku ile asingekubali hata kwa kuchapwa.

Alichukua jembe uma, akaingia katikati ya kipande, akalikanyaga. Meno yote manne yalizama mpaka juu. Akanyanyua bonge zima la udongo na majani yake, akalileta, akalitupa mbele ya viatu vya Mwenyekiti.

"Inama."

"Nini?"

"Inama, papa, udongo hauumi."

Ladislas aliinama na koti lake. Spès alilipasua bonge kwa mikono, akautoa mzizi wa vechi, akaukung'uta. Ulikuwa na vinundu vidogo kila mahali, kama vipele. Akakipasua kimoja kwa ukucha. Ndani kilikuwa chekundu hafifu, rangi ya ufizi.

"Hiki ndicho kiwanda. Kinachukua hewa, kinatengeneza chakula, kinakiweka hapa. Ikifika mwezi wa nane, mimea yote inatoa maua, nakata, nalaza chini, naichanganya na udongo, inaoza. Mwezi wa tisa napanda kabichi juu yake. Hiyo ndiyo engrais vert. Mbolea ni haya majani. Sasa nionyeshe mfuko. Mfuko uko wapi?"

Mnyoo mmoja mnene ulijinyonganyonga kutoka kwenye bonge, ukaanguka juu ya kiatu cha Prezida. Watu walicheka mpaka Ameir akalazimika kukaa chini.

Ladislas alisimama, akajifuta magoti. Alikuwa mtu wa haki. Alitoa kalamu akakata mstari ule kwenye daftari. "Sawa. Si engrais ya mfuko. Nimekosea, na katibu amekosea. Sheria ya tatu, imeisha." Alifunika kalamu, halafu akaifunua tena. "Sasa nijibu moja tu. Hii kitu, iko mboga?"

"Hapana."

"Itakuwa mboga mwezi wa nane?"

"Mwezi wa nane itakuwa imelala chini inaoza."

"Basi sasa tuko kwenye sheria ya tano." Sauti yake ilikuwa ya upole, na upole ule ndio uliomwudhi Spès kuliko yote. "Mama Diane, mimi siko na chuki. Séverin anangoja ploti mwaka na nusu. Iko na watoto watano. Kila Jumapili ananiuliza kanisani, papa, kumekucha? Nitamwambia kuna mtu anapanda vitu vya kuozesha? Siku ya ukaguzi nikikuta mboga, nimefunga daftari. Nikikuta hii, ploti ni ya Séverin."

Akaenda zake. Ladislas alikuwa amesema atakalofanya, na kila mtu alijua Ladislas akisema hufanya.

Wiki ile saluni ilikuwa na wateja wachache. Spès na Marie-Jeanne walikuwa wanamsuka msichana mmoja, kila mtu upande wake, na msichana alikuwa amelala usingizi mdomo wazi.

"Nimepata njia," alisema Marie-Jeanne. "Sema ni mboga."

"Si mboga."

"Figili ni mboga. Majani yake yanaliwa."

"Umejuaje?"

Marie-Jeanne alifunga fundo moja kwa uangalifu mkubwa. "Nilichuma kidogo."

"Lini?"

"Alhamisi. Kidogo tu, mfuko mmoja wa plastiki. Nilitia karanga za kusaga. Eish, Mama Diane, ni tamu kuliko mchicha wa lengalenga! Watoto walilamba sahani."

"Wewe ni mwizi."

"Mimi ni shahidi. Sikiliza. Sisi wamama tunakuja siku ile na vikapu, tunavuna majani mbele ya Prezida, tunasema hii ni mboga ya kwenu Burundi, ya kipindi cha baridi. Hata hajui kupika, atajuaje? Anafunga daftari, unabaki na ploti yako. Sharp, mambo yameisha."

"Mkishavuna, mimi nitafukia nini?"

"Mabua."

"Mabua hayana kitu. Chakula kiko kwenye majani."

"Basi tutavuna kidogo."

"Wamama kumi na vikapu hawavuni kidogo. Nakujua wewe, na Alhamisi ulikuwa peke yako." Spès alivuta nywele, msichana akaguna, akalala tena. "Halafu mwaka ujao? Mtu mwingine akitaka kupanda vechi, hiyo haina majani ya kula, atadanganya nini? Nikisema ni mboga mara moja, itabidi iwe mboga siku zote. Ile ardhi itaendelea kukamuliwa kama ng'ombe asiyelishwa, na mimi ndiye nitakuwa nimeshika ndoo."

"Ni uongo mdogo, dada."

"Mdogo utauandika kwenye daftari kwa mwandiko wako mzuri, na utakuwa sheria ya tisa."

Marie-Jeanne alifunga fundo jingine. "Na ukinyang'anywa?"

"Nitakuwa nimenyang'anywa nikisema kweli."

"Kweli haipikiki," alisema Marie-Jeanne.

Nyumbani hali haikuwa nyepesi zaidi. Pontien, mume wake, aliendesha foklifti kwenye ghala moja huko Clairwood, na alirudi jioni akiwa amepigiwa kelele siku nzima na watu wasiojua jina lake. Alitaka amani mezani. Alingoja Spès apakue, akasema, "Panda kabichi ishirini pale mbele, kwenye njia, wazione. Nyuma fanya mambo yako."

"Kabichi za maonyesho."

"Ziite unavyotaka. Sisi ni wageni hapa, Spès. Mgeni haanzishi kesi."

Spès aliweka mwiko chini.

"Kwa mwenye nyumba nimenyamaza. Kwenye foleni ya karatasi za kukaa nchini nimesimama tangu alfajiri mpaka mlinzi anasema rudini kesho, nimenyamaza. Kwenye teksi nikiambiwa niongee Kizulu au nishuke, nimenyamaza, nimekaa, nimefika. Kwa kabichi sinyamazi. Hiki ndicho kitu kimoja katika nchi hii ninachokijua kuliko wanaonikataza, na wewe unaniambia nijifanye sikijui."

Pontien alimtazama, akatazama sahani yake. Walikuwa wameoana miaka kumi na sita.

"Basi nipe chumvi," alisema.

"Iko mbele yako."

Julai ilipita kavu na yenye jua, asubuhi za baridi ya kukunja vidole na mchana wa kuvua sweta. Tumbili walishuka kutoka kwenye miti ya majirani wakang'oa mioyo ya kabichi tatu za Ameir, wakaonja oti za Spès, wakazitema, wakaondoka wamechukia. Mwisho wa mwezi figili zilitoa maua meupe, vechi ikafuata na ya zambarau, na nyuki wakajaa mpaka kipande kikawa kinanguruma. Spès alikuja katikati ya wiki, akakamua shuke la oti kati ya vidole: maziwa ya punje changa yalikuwa bado hayajaingia. Siku tatu nne tu. Ukikata mapema, majani ni maji matupu, hayaachi kitu. Ukichelewa, mbegu zinakomaa, mmea unakuwa mgumu kama kamba na utahangaika na oti zinazojiotea mwaka mzima. Siku yenyewe ya kukata ilikuwa Jumamosi ya kwanza ya Agosti. Alipoliona hilo alicheka peke yake, cheko fupi la mtu aliyetukanwa.

Siku ya ukaguzi alifika kabla ya wengine, akafunga kitenge kiunoni, akaanza na mundu kutoka upande wa juu. Alikata karibu na ardhi na kulaza, kukata na kulaza. Wenzake walipofika na jua, robo ya kipande ilikuwa chini. Wote kumi na wawili walikuwapo, na Séverin, yule wa orodha, alikuwa amesimama getini, kofia mkononi, jembe jipya begani.

Ladislas aliona oti zimelala na uso wake ukafunguka. "Mungu akubariki, Mama Diane! Mtu mzima ni yule anayesikia."

"Sijasikia. Yametoa maua."

"Lakini unakata."

"Nakata kwa sababu ni siku ya kukata. Ingekuwa jana ningekata jana."

"Na miche ya kabichi iko wapi?"

"Kwenye trei, kwenye baraza yangu, Greyville. Itakuja mwezi wa tisa, wiki ya kwanza. Nikiipanda leo juu ya majani mabichi yanayooza, itaungua na kufa na njaa. Njoo mwezi wa tisa nikuonyeshe."

Ladislas alifunga macho kidogo, kama mtu anayehesabu kabla ya kusema na mtoto. Halafu akaita watu wote, wakakusanyika kwenye njia kati ya namba saba na namba nane. Akasoma sheria ya tano kwa Kifaransa, akaisoma kwa Kiswahili. Alipofika kwenye neno mboga, Marie-Jeanne hakuweza kujizuia.

"Ni mboga!" alisema. "Papa Prezida, hii figili ni mboga. Mimi mwenyewe nimeila. Kwa karanga."

Minong'ono ikapita. Mama mmoja akasema na yeye aliionja, mwingine akasema aliionja mara mbili. Spès akajua sasa kwa nini kona ya chini ilikuwa na upara. Ladislas aligeuka taratibu, na usoni mwake kulikuwa na kitu kama ombi.

"Mama Diane. Wanasema ni mboga. Wewe mwenye ploti, unasema nini? Sema tu, niandike."

Kalamu ilikuwa tayari juu ya karatasi. Séverin getini alishusha jembe lake. Spès alimwona Marie-Jeanne akimwashiria kwa kichwa kwa siri, ndiyo, ndiyo, dada, ndiyo.

"Si mboga," alisema Spès.

Marie-Jeanne akatoa sauti kama tairi linalotoka upepo.

"Si mboga, na wote mlioionja mmeniibia udongo wangu, tutaongea baadaye. Sikupanda chakula cha watu. Nimepanda chakula cha hii ardhi, kwa sababu sisi tunakula kila siku na yeye hajala miaka minne. Mmeona kabichi zenu? Mwaka wa kwanza zilikuwa kama kichwa cha mtu. Sasa ziko kama ngumi. Miaka miwili mbele mtakuwa mnavuna mbaazi. Sheria inasema mboga wakati wote. Sheria ina makosa. Aliyeiandika aliogopa vichaka, alikuwa na haki ya kuogopa, lakini kichaka na hiki si kitu kimoja. Sitaki mnisamehe. Nataka sheria ibadilishwe: kila kipande kiwe kimefunikwa na kitu kilichopandwa. Kabichi, vechi, chochote, mradi mtu amekipanda kwa mkono wake na anajua kwa nini. Pigeni kura."

"Kubadilisha sheria ni mikono minane kati ya kumi na miwili," alisema Ladislas.

"Hesabu."

Mikono ikapanda. Marie-Jeanne wa kwanza, akiwa bado amenuna. Wamama walioionja figili, wote. Mrundi wa kipande namba mbili. Ladislas alihesabu kwa kalamu, akarudia. Na mkono wa Spès mwenyewe, ilikuwa saba.

Macho yote yakaenda kwa Ameir, aliyekuwa ameingiza mikono yake mifukoni.

"Usinitazame hivyo, Mama Diane. Leo tunaibadilisha kwa ajili yako, kesho kwa ajili ya fulani, keshokutwa tuko msituni tena. Haba na haba…"

"Usimalizie," alisema Spès.

"Basi sitamalizia. Lakini siinui."

Saba. Ladislas aliandika. Hakuwa na furaha, ila alikuwa na utaratibu, na utaratibu ndio uliomfikisha hapo alipo. "Sheria haikubadilika. Kwa hiyo sheria ya tano inabaki, na ploti namba saba…"

"Papa Prezida," alisema Marie-Jeanne. Alikuwa amekwenda hadi kwenye mlango wa kibanda, kidole chake kikiwa kwenye karatasi ya chini kabisa. "Ya nane. 'Kubadilisha sheria yoyote, au kumtoa mwanachama aliyemo, ni mikono minane.' Ni mwandiko wako."

Ladislas alikwenda akasoma mwenyewe. Alikuwa ameyaandika maneno yale miaka miwili nyuma, wakati watu fulani walipotaka kuwaondoa wengine ili waingize ndugu zao. Alisimama pale kwa muda mrefu kidogo kuliko ilivyohitajika kusoma mstari mmoja.

"Sawa," alisema. "Nani anataka Mama Diane atoke?"

Alikuwa wa kwanza kuinua mkono, kwa sababu hakuwa mtu wa kujificha. Wakafuata watatu. Akamtazama Ameir.

"Mimi nilisema sheria isiguswe," alisema Ameir. "Sikusema mtu aguswe."

Wanne. Hadeda mmoja, ndege wa kijivu mwenye mdomo mrefu, alipita juu akipiga yowe lake.

"Sasa mimi niandike nini?" Ladislas aliuliza, na kwa mara ya kwanza alionekana mzee. "Umevunja sheria, na huwezi kutolewa. Hiyo inaitwaje?"

"Andika kilichopo. Kipande namba saba hakina kabichi, na mwenyewe haondoki."

Aliandika. Alikuwa mwalimu, asingeweza kuacha nafasi tupu kwenye daftari.

Getini, Séverin alikuwa amesikia yote. Alimjia Spès, mtu mrefu mwenye uso wa kuchoka, akasimama mbele ya oti zilizolala. "Mama," alisema kwa heshima, "nyinyi mmeongea kuhusu udongo. Mimi nilikuja na jembe."

Spès hakutafuta jibu la uongo. Angeweza kumwambia kwamba angepewa ardhi iliyokufa, na ingekuwa kweli, lakini watoto watano hawali kweli hiyo. Alimtazama machoni. "Najua," alisema. "Nimekukalia nafasi yako, na nitaendelea kuikalia. Nichukie ukitaka."

Séverin alifikiri juu ya hilo. Halafu akavaa kofia, akaweka jembe begani, akapanda mteremko kuelekea barabarani bila kuaga mtu. Spès alimfuata kwa macho mpaka alipopotea nyuma ya ukumbi. Lilimwuma, nalo lilistahili kumwuma, na hakubadili neno hata moja.

Watu wakatawanyika kwenye vipande vyao. Ladislas alibaki, daftari chini ya kwapa.

"Mwakani nitaileta kesi hii tena kwenye mkutano. Ujue."

"Ilete."

"Nitatafuta mikono minane."

"Na mimi nitatafuta mmoja tu. Nina saba."

Mwenyekiti, kwa sababu alikuwa amesimama pale na macho yalikuwa yake, alinyoosha ncha ya kiatu akaugusa udongo pale oti zilipokuwa zimekatwa. Ulikuwa mweusi, una unyevu, katikati ya kiangazi cha baridi wakati vipande vyote vingine vilikuwa vumbi. Kiatu kilizama kidogo. Akakivuta haraka, kama aliyekanyaga kitu cha mtu.

"Bado robo tatu," alisema Spès. "Ukimaliza kutazama, nipishe."

Akapisha. Spès aliinama, akashika konzi ya oti karibu kabisa na ardhi, akakata.